Ndege Kuingilia Kazi ya Trekta

Kwako Mkuu wa Kiwanja cha Ndege,

Shikamoo mzee. Najua una mengi. Mimi siku hizi nina reki tu, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Ni yule mkata nyasi wa trekta mliyemnyang'anya kibali cha kuendesha ndani ya uzio Jumatatu iliyopita. Kisiporudi kabla ya mwezi kwisha, mkataba wangu umekufa, na kwetu ni mbali, wanakula kwa trekta hilo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ile nilisimama kwenye mstari wa manjano kama nilivyofundishwa, nikaomba kwa redio kuvuka njia ya kurukia. Dada wa mnarani akaniambia nisubiri, kuna ndege inatua. Nikasubiri. Ikatua, ikapita, hata nikaipungia mkono. Nikavuka. Kumbe nyuma yake ilikuwapo nyingine, nayo ilipokaribia kugusa chini ikaniona, ikapaa tena kwa kelele za kunitoa kofia. Dada akauliza nani kaniruhusu. Nikamjibu, "Dada, ile ya kusubiri si imeshapita?"

Akasema, "Nilikwambia usubiri mpaka nikuite. Sikukwambia usubiri moja."

Mzee, kusubiri kusiko na idadi ni kifungo.

2. Trekta langu lina taa inayozunguka juu ya paa, na mwendo wake ni wa mtu aliyeshiba. Ndege ina marubani wawili, mabawa, na anga zima la kupitia. Kati yetu, nani alikuwa na uwezo wa kukwepa?

3. Jiko la wafanyakazi liko ng'ambo ya pili. Kuzunguka uzio ni dakika arobaini, na mpishi hamwekei mtu chai.

4. Nimewekwa darasani pamoja na madereva wa vigari vya mizigo. Mwalimu kachora trekta ubaoni, na dereva wake kamvika kofia yangu. Wote wamecheka. Rubani sikumwona darasani hata mmoja.

Kwa hiyo naomba kibali changu kirudi. Naomba pia ndege zichorewe mstari wao wa manjano huko huko juu, na kila rubani kabla ya kutua aombe ruhusa kwangu. Akinikuta nakata nyasi, azunguke uzio dakika arobaini, aone utamu wake.

Nisalimie dada wa mnarani, mpishi, mwalimu na kofia yangu, na yule rubani aliyepaa tena. Mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi mtumishi wako,
Mkata Nyasi, kwa sasa Mshika Reki

N.B. Likizo yangu imekubaliwa. Mama sijamwona miaka minne. Naondoka kwa ndege Alhamisi saa nne asubuhi, hapa hapa kwako. Nasikia siku hiyo trekta atapewa shemeji yangu. Mzee, nakusihi, mnyang'anyeni funguo mpaka niwe mawinguni, na hicho kibali changu kikae tu kwanza. Kusubiri nilimfundisha mimi.