Sitini na Tano ni Kubwa Kuliko Sitini

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaondoka alfajiri na lori lake. Funguo za gari dogo kanikabidhi shingo upande. Masharti: kumpeleka dada kazini, kumrudisha, basi. Akasoma kilomita kwenye dashibodi kwa sauti, akanitazama, akasoma tena. Zikizidi, nitafute pengine pa kulala. Dada akaitikia kwa kichwa. Dada yangu wa tumbo moja!

Asubuhi hiyohiyo nimempeleka binti wa duka la dawa kwa shangazi yake. Mbali kuliko alivyosema. Nilishamwambia gari ni langu, ningekataaje?

Jumanne, 4 Machi
Nimempeleka tena. Kilomita zimezidi vibaya.

Ila akili haijalala. Kilomita huhesabiwa kwa mizunguko ya matairi. Tairi kubwa huzunguka mara chache. Nikifunga makubwa, safari za dada zilizobaki zitahesabiwa pungufu, na ziada yangu itamezwa humo. Nani angewaza hivyo?

Jumatano, 5 Machi
Kwa fundi wa matairi. Simpendi. Naye anamnyemelea binti wa duka la dawa; kila siku ananunua dawa ya kikohozi, na hakohoi. Lakini ndiye mwenye jeki.

Matairi ya shemeji, mapya kabisa, yameandikwa 205/60R15. Kumi na tano ni rimu. 205 ni upana, haunihusu. Urefu ni 60. R ni ya "refu", nadhani. Fundi alikuwa na manne makuukuu, 175/65R15. Sitini na tano! Nikamwambia tubadilishane, manne kwa manne. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia asinifundishe hesabu. Akauliza tena, huku gari keshalinyanyua.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo hayaeleweki. Njia ileile ya kazini kwa dada, kilomita zimekuwa nyingi kuliko jana. Nikairudia peke yangu kuhakikisha. Nyingi vilevile, na sasa kuna za kuhakikisha. Huenda matairi hayajalizoea gari.

Jioni dada kasema shemeji amepiga simu: anarudi kesho, si Jumapili. Nikamwaga chai mezani. Nikakimbia kwa fundi. Kibanda kimefungwa. Jirani yake akasema fundi ametoka na binti wa duka la dawa, kwa gari lake, amelivalisha matairi mapya.

Ijumaa, 7 Machi
Niliegesha gari nyuma ya tangi la maji, matairi nikayapaka matope kuficha maandishi. Lori likanguruma getini. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kuhusu kilomita. Hakuzitazama. Alisimama palepale getini, akaitazama nusu ya gari iliyochomoza nyuma ya tangi, akauliza nani amelikata gari lake miguu.

Akafuta matope kwa kidole gumba. Akanieleza polepole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele: ile 65 si urefu, ni asilimia ya upana. Sitini na tano ya 175 haifiki sitini ya 205. Nimefunga matairi mafupi, nimejiongezea kilomita kwa mkono wangu mwenyewe.

Dada alikuwa ameshakunja godoro langu. Alilifunga kamba bila kunitazama. Hilo liliniuma sana.

Jumapili, 9 Machi
Nimefanywa utingo wa shemeji. Nalala kwenye lori. Godoro litafunguliwa siku matairi yake yatakaporudi. Nimemwapia dada kwamba nimekoma, na nilimaanisha.

Leo shemeji amejilaza, nikalizunguka lori. Matairi yote ni 315/80R22.5. Spea imeandikwa 11R22.5. Kumi na moja tu! Ziwe inchi, ziwe milimita, kumi na moja ni kumi na moja. Maskini shemeji, wamemuuzia kitoto cha tairi. Inanifika kiunoni, ni kweli, lakini macho hudanganya, na mimi sasa ni mtu wa namba. Nikaitafuta asilimia yake, kama nilivyofundishwa. Haina hata asilimia.

Nimempigia fundi. Spea hii moja, anirudishie yale manne ya 205. Atakuja kuichukua jioni, kabla shemeji hajaamka. Alfajiri tunaingia barabara ndefu, tukiwa wepesi, na dada atapata matairi yake mlangoni.

Safari hii fundi hakuuliza hata mara moja kama nina hakika. Ameanza kuniheshimu.