Kapasita Kubwa Kuliko ya Shemeji

Jumatano, 4 Juni
Baba mkwe, fundi mstaafu wa simu za upepo, anaigawa meza yake ya kazi. Droo kumi na mbili! Na chuma cha kulehemu! Tunaitaka wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Sharti la mzee: kila mmoja aunde kirushio kidogo cha sauti na kipokezi chake. Jumapili, nyumbani kwake, tumwamkie kutoka chumbani, yeye akiwa sebuleni. Atakayesikika vizuri kaipata. Shemeji hajui hata kufunga plagi. Mimi nimewahi kubadilisha balbu. Meza ni yangu.

Alhamisi, 5 Juni
Duka la vipuri. Shemeji anatoka, karatasi mkononi, mwendo wa kinyonga. Muuzaji akauliza nimebuni nini. Nikamwambia siri ya mtungi aijuaye kata. Kisha nikaomba vilevile alivyonunua yule bwana. Akanionya nisichanganye: koili na kapasita ndizo zinazochagua wimbi, ukibadilisha moja umehama mtaa. Nikaitikia, macho kabatini. Kapasita ya buluu, nene kama kidole gumba! Ya shemeji ni punje ya mtama. Nimeichukua kwa ajili ya kipokezi. Sikio kubwa husikia zaidi. Kirushio nimekiacha kama cha shemeji, maskini.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemaliza kuunganisha. Vidole vitatu vimeungua. Mke wangu akauliza kama nimejaribu. Nikamjibu fundi hajaribu, anajua. Akasema haya baba watoto, ila kaka yake anajaribu tangu jana, anahesabu moja mpaka mia, mpaka paka amehama. Nimecheka sana.

Jumapili, 8 Juni
Nilianza mimi. Nikamwamkia mzee mara tatu. Mke wangu akapaza sauti kutoka sebuleni: kipokezi changu kimya kama jiwe. Nisubiri kwanza, kaka yake anawasha chake kwa ajili ya zamu yake.
Nikasubiri, kipaza sauti mkononi. Hasira zikanipanda, nikaanza kuwaza kwa sauti. Kwamba mzee masikio yake ni pambo. Kwamba meza nikiipata nitaikata miguu niweke televisheni. Kwamba ile kofia aliyoitafuta mwaka mzima niliikalia mimi, nikaitupa.
Sebuleni kikalipuka kicheko cha shemeji.
Nilipotoka, mzee alikuwa ameinamia kipokezi cha shemeji. Shemeji akaeleza, machozi yakimtoka, kwamba kirushio changu na kipokezi chake ni vifaa vilevile, lazima visikilizane. Mzee akaniambia kwa upole: nimesikika vizuri mno, mwanangu, hakuna hata mkwaruzo, na la kofia nalo limefika. Akamwagiza shemeji alete mkokoteni.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari bila chuki. Sharti lilisema atakayesikika vizuri. Nani alisikika? Mimi! Shemeji hakurusha hata kikohozi. Huu ni upendeleo wa damu.
Hata hivyo, muungwana hukiri kosa lake. Kapasita ya kipokezi ilikuwa ndogo. Nimerudi dukani, nimepata moja kama kopo la maziwa. Muuzaji alitaka kusema kitu, nikamwahi.
Nimesikia mzee anagawa pia kiti kinachozunguka. Nimekwishaanza kuandaa maneno ya kumlainisha mzee mbishi yule. Nayafanyia mazoezi hapa chumbani, kirushio kikiwa kimewashwa, nipate kuzoea kipaza sauti.
Mke wangu amekwenda kwa kaka yake, nyumba ya pili, kusaidia kuhamisha meza. Eti shemeji amekwishaweka juu yake kile kipokezi chake, nacho kinawaka.