Ng'ombe wa Mahari Walionirudia Ukutani

Leo sina uso wa kuwatazama watu Garsen.

Kikundi chetu cha wafugaji kiliniomba nitengeneze mfumo wa kutafuta ng'ombe waliopotea. (Mimi ndiye mwenye kompyuta. Hata redio zikiharibika huletwa kwangu.) Unaandika rangi na alama ya sikio, ng'ombe anatokea pamoja na jina la mwenyewe.

Ndani yake kuna sehemu mbili. Kuna hifadhidata, ndiyo daftari kuu. Kila kitu kimo na ndiko tunakorekebisha. Halafu kuna faharasa, orodha ya kutafutia haraka. Ilitakiwa faharasa iwe na rangi, alama na namba ya ng'ombe tu, mengine yachukuliwe kwenye hifadhidata. Lakini kuyafuata huko kulichelewesha jibu, na mimi nilitaka sifa. Nikanakili kila kitu kwenye faharasa, hata majina ya wenyewe. Jibu likawa linatokea kabla hujainua kidole!

Leo asubuhi ilikuwa siku ya kuuonyesha. Ukumbi umejaa, na projekta inamulika ukutani kila ninachoandika kwenye kompyuta. Mstari wa mbele amekaa Mzee Bonaya, baba yake Halima. Halima ni mchumba wangu, na ndoa ni Ijumaa. Ng'ombe wanne wa mahari nilishawapeleka wiki jana, na kwenye hifadhidata nikaweka jina la Mzee kwa mkono wangu mwenyewe.

(Kwenye faharasa sikugusa kitu. Nilisahau kabisa.)

"Tafuta ile ng'ombe yangu nyekundu, iko na baka jeupe," akasema Mzee.

Nikaandika kwa mbwembwe. Jibu likatokea ukutani papo hapo, herufi kubwa. Mwenyewe: mimi.

Mzee akavaa miwani.

"Hii si jina yako?"

"Ni langu, Mzee, lakini..."

"Tafuta ile nyeusi."

Naye ni wangu. Tukatafuta wote wanne. Wote wangu! Mahari yote imenirudia mbele ya kikundi kizima, na jasho linanitiririka mpaka kwenye vitufe.

"Mzee, hii ni nakala ya zamani. Ukweli uko kwenye hifadhidata." Nikaifungua mbio. Jina lake limo. Nikadhani nimepona.

"Kumbe uko na vitabu mbili," akasema. "Moja ya kuonyesha watu, moja ya ukweli."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Sikiza, kijana. Mimi pia niko na mbili. Kwa moja, Ijumaa unaoa binti yangu. Kwa ile ingine, mimi hata sikujui. Tengeneza yako kwanza, halafu uje nikwambie tunasoma gani."

Nimefuta majina yote kwenye faharasa. Sasa kila jibu linakwenda kuchukuliwa kwenye hifadhidata. Linachelewa kidogo, lakini linasema kweli. Nimempigia Mzee, hapokei. Halima amepokea, ila anacheka tu, hata salamu imemshinda.

Nyinyi msicheke, nawaomba. Halima peke yake ananitosha, na mpaka baba yake apokee simu sijui hata kama bado ni mchumba wangu.