Vipanga Mia Nne na Kumi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimejitolea! Kuanzia leo nahesabu vipanga wanaohama, juu ya kilima, pamoja na shemeji yangu fundi saa, kaka wa mke wangu. Yeye ana miaka kumi na moja kwenye kazi hii, yote ndani ya daftari moja jeusi. Kanipa upande wa mashariki. Sharti ni moja tu: ndege akiwa bado anazunguka, asihesabiwe. Ahesabiwe akishanyoosha mbawa kuelekea kusini. Nikasema nimeelewa. Jioni: yeye mia moja arobaini, mimi tisa. Akanituliza kwamba hata tisa ni viumbe wa Mungu. Lakini alikuwa anacheka! Nimeumia.

Jumanne, 7 Oktoba
Leo nimewahesabu wakizunguka. Kila mzunguko, upya. Nani ajuaye kama ni walewale? Mia nne na kumi! Shemeji akaitazama karatasi, akaitazama mbingu, akauliza kama vipanga wa upande wangu wanaangulia mayai hukohuko juu. Nikajibu kwamba Mungu humpa amtakaye. Akaandika kwa wino. Kwenye sala nilitaka kuungama, nikajikuta naombea mvua isinyeshe.

Jumatano, 8 Oktoba
Laiti ningenyamaza na tisa zangu. Kumbe hesabu yake imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Jana kampigia simu mke wangu kumwambia vipanga wamerudi. Mke wangu anasema hajamsikia kaka yake akicheka vile tangu afiwe na mkewe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepata dawa! Wamepita sitini, nimeandika sifuri. Nifidie, mambo yawe sawa. Bahati mbaya shemeji aliwaona ishirini juu ya kichwa changu. Akauliza nilifumba jicho lipi. Nikasema nilikuwa nasali. Akauliza, kutwa nzima? Nikamwaga yote. Heri angefoka! Alichukua rula, akaikata mistari yangu miwili, polepole, imenyooka. Mikato ya kwanza katika daftari lile. Kisha akaniambia tu, "Shemeji, mimi nilishampigia simu dada yangu." Ee Mola, nisitiri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimetubu kwa machozi. Nimeapa sitaongeza namba tena maishani. Shemeji hanipi ndege tena; kaniweka njiani nihesabu wageni wanaokuja kutazama. Wamekuja watatu: mke wangu, bwana mmoja aliyepotea njia, na mke wangu tena, alisahau mtandio. Jioni shemeji akaja taratibu, macho chini, akauliza kama kuna watu wanaojali bado. Ule uso! Nikaandika kumi na saba. Mungu anajua nia yangu. Amefurahi kupita kiasi, ameteremka kuazima viti vya kesho. Kwaya yetu ina watu kumi na wanne. Natafuta watatu.