Ligi Haijaisha na Binti Yangu Hajaolewa

Haji Shehata Abdel-Mawgud,
Duka la Ful, nyuma ya stesheni,
Damanhur.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ratiba ya Ligi Kuu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na ile kalamu ya kuahirishia mechi umeiweka chini kidogo.

Mheshimiwa, mimi si mtu wa magomvi. Mwezi wa tatu mchumba wa binti yangu Rabab, kijana anayeitwa Galal, alitaka harusi ifanyike Ijumaa ambayo timu yetu ilikuwa inacheza nyumbani. Nikapandwa na hasira, nikaapa mbele ya wateja wote, upawa mkononi: Rabab akitoka kwangu kabla ligi haijaisha, mama yake ameachika. Ratiba yako, niliyoibandika juu ya chungu changu cha ful, yale maharage ninayouza, ilisema ligi inakwisha mwezi wa tano. Nilikuamini. Sasa baridi ya mwisho wa mwaka imeingia, watu wameanza kuvaa masweta, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mechi yetu moja tu iliahirishwa mara nne: kwanza kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu wapinzani wana wachezaji timu ya taifa, kisha kwa sababu polisi wana shughuli, halafu kwa sababu ile mvua ya kwanza haikujadiliwa vizuri kikaoni.

2. Mashine ya kufulia niliyomnunulia binti imemaliza dhamana ikiwa bado ndani ya boksi. Suti ya Galal haifungi tena, maana kila jioni anakuja kuniuliza habari za ligi na mke wangu anamlisha mahashi, zile mboga zilizojazwa wali.

3. Mke wangu Inshirah, aliyekuwa hajui kona wala penalti, sasa anajua msimamo wa ligi kuliko watangazaji. Kila mechi ikiahirishwa ananisimamia mlangoni: "We mzee, ulikosa cha kuapia? Si ungeapa kwa hiyo televisheni yako!" Dukani nako hawaniulizi bei. Wanauliza, "Vipi Haji, bibi harusi atazeekea kwenu?"

4. Nilikwenda kwa shehe kutafuta pa kutokea. Akanisikiliza vizuri, akashika ndevu, akauliza: "Ligi ipi, Haji?" Maana inasemekana msimu mpya utaanza kabla huu haujaisha. Zikishikana hivyo, ligi haitaisha mpaka Kiyama, na Rabab atatoka nyumbani kwangu kwa parapanda.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mojawapo ya haya. Ama mechi zote zilizobaki zichezwe siku moja, hata ikibidi timu nne zigawane uwanja mmoja. Ama kamati itangaze kwamba ligi imekwisha mtaani kwetu tu, kwingine iendelee. Yote yakishindikana, njoo umweleze Inshirah kwa mdomo wako, ila usije bila walinzi.

Nisalimie wajumbe wote, yule anayepanga tarehe na yule anayezifuta, pamoja na watoto wao. Inshirah hakusalimii.

Wako katika kungoja,
Haji Shehata

N.B. Kabla sijafunga bahasha, redio imetangaza kwamba mechi ya mwisho ni Alhamisi hii, uwanjani kwetu. Inshirah amepiga vigelegele mpaka majirani wametoka. Galal amekimbilia kwa fundi na suti yake. Rabab yeye ameniletea chai, akakaa pale anapokaa tangu mdogo, tukatazama marudio ya mechi. Nyumba nzima ni yeye tu anayejua kwa nini namtukana refa. Nimeona huzuni, Mheshimiwa, sikufichi. Sasa, nyasi za uwanja wetu ni mbaya sana, nimeziona kwa macho yangu, na mlingoti mmoja wa goli umeinama. Nikiwa mwananchi mwema, nashauri mechi hiyo iahirishwe kidogo. Inshirah asijue kwamba ni mimi niliyesema.