Ada ya Kuhuisha Jino

Ubaruku, Mbarali
17 Juni

Katibu,
Chama cha Mafundi wa Mashine za Kukoboa,
Iringa.

Ndugu Katibu Kalinga,

YAH: OMBI LA KUSAMEHEWA ADA YA KUHUISHA CHETI

Kichwa cha habari hapo juu kinanihusu mimi zaidi ya kinavyokuhusu wewe, kwa hiyo naomba unisome taratibu. Mimi ni Isihaka Faraji, fundi wa mashine za mpunga kwa miaka ishirini na sita. Kabla sijabana mipira ya mashine inayomenya maganda, nang'ata punje mbili kwa gego la chini kushoto, nami najua unyevu uliobaki. Mpunga mbichi ukikobolewa hukatika, ukatoka chenga, na chenga hazina mnunuzi wa maana. Mwenye mashine, Bi Ruwaida, hajawahi kunilaumu kwa chenga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yenu inasema cheti changu kilikwisha muda tarehe 31 Desemba. Siku hiyo niliswali, nikala, nikalala nikiwa fundi. Asubuhi niling'ata punje ili nijipime, nikaujua unyevu wake kama kawaida. Ama gego langu halijapata barua yenu, ama ujuzi hausomi tarehe.

2. Mnadai ada mbili, moja ya cheti na moja ya uanachama. Nilimuuliza dada wa mapokezi ofisini kwenu ipi naweza kuiacha. Akanijibu kwa upole kwamba bila uanachama hai hakuna cheti, na bila cheti hai hakuna uanachama. Nikauliza, basi nianze na ipi. Akasema nianze na faini.

3. Ili nihuishwe, sharti nihudhurie semina ya kipima unyevu. Nilikuja mwaka juzi. Mwezeshaji alimimina mpunga kwenye kipimo, tukasubiri namba. Mimi nilikuwa nimeshang'ata na kumnong'oneza jirani yangu jibu. Namba ilipotoka ikapishana na yangu. Kwa heshima nilisubiri fomu ya maoni, nikaandika kwamba kipimo kile kipelekwe kwa daktari wa meno. Maandazi yalikuwa mazuri.

4. Barua yenu ilianzia mikononi mwa mke wangu, Batuli. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza cheti chetu cha ndoa kilihuishwa lini mara ya mwisho. Nilimweleza kuwa hicho hakiishi muda. Akasema kwa upande wangu anaona kilikwisha tangu mtoto wa pili, na ameshaandaa mada za semina. Ya kwanza ni kutandika kitanda. Ndugu Katibu, mmenifungulia tawi la chama ndani ya nyumba yangu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Bi Ruwaida amebandika tangazo mlangoni kwamba asiye na kadi hai ya chama haingii mashineni. Kazi ya msimu mzima amepewa Eveline, binti wa Kilolo niliyemfundisha mwenyewe kukaza nati. Mimi nakaa nje juu ya gunia la pumba. Eveline hutoka na punje kiganjani, ananiamkia, ananiita mwalimu, nang'ata, namwambia, anarudi ndani. Jino langu linafanya kazi, kadi yake inalipwa. Naona aibu mbele ya wapakiaji walionizoea nikiwa na funguo za mashine mkononi.

Kwa hayo, naomba cheti cha kudumu, kama cha kuzaliwa, ambacho hakihuishwi ingawa mwenyewe hubadilika sana. Kama haiwezekani, basi haki ifuatwe mpaka mwisho. Mmesema ujuzi uliokaza nati za mwaka jana umekwisha muda. Naomba kibali cha maandishi nizunguke mashine zote kuanzia Ubaruku hadi Rujewa nikazifungue nati hizo, maana zimekaa pale bila uhalali. Nitaanza na ya Bi Ruwaida, mpunga ukiwa ndani, asije akaonekana anapendelewa.

Nisalimie mweka hazina, dada wa mapokezi na mpishi wa semina. Batuli naye anawasalimu, anauliza kama mnakodisha vyeti vya mahudhurio.

Mwanachama wenu, ikiwa bado nimo,
Fundi Isihaka Faraji

N.B. Barua hii ilikaa siku nne ikisubiri mtu wa kuja Iringa. Katika siku hizo gego lile liling'olewa na kijiwe kwenye wali. Sikumwambia mtu. Eveline alipoleta punje nilizing'atia upande wa kulia, nikamwambia mpunga umekauka. Magunia arobaini yametoka chenga. Sasa nimejua kwamba Eveline mfukoni alikuwa na kipimo cha unyevu, na kilikuwa kimeshamwonyesha kuwa mpunga ni mbichi, ila aliona si adabu kumkatalia mwalimu wake. Bi Ruwaida hakunilaumu hata safari hii, kwa kuwa kwa mujibu wa tangazo lake mimi sikuwepo. Lawama zote aliandikiwa Eveline, naye hakunitaja. Asubuhi ya leo nimekwenda kwa Bi Ruwaida kumweleza jino lilikuwa la nani. Pamoja na barua hii pokea ada zote mbili, na faini. Naomba nafasi kwenye semina ijayo, kiti cha mbele, karibu na kipimo. Maandazi yawe laini.