Tuta la Mlangoni kwa Odang

Uvumi huu ulininasa sokoni nikichagua tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na tangu siku hiyo haujaniachia: kwamba kwenye mtaa wa nyuma ya reli, hapa hapa mjini Cimahi, matuta ya barabarani yanaota. Jumapili hii tuta linafika kifundoni, Jumapili ijayo linafika kwenye ugoko. Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba mwanangu naye ana gari, na hamalizi kuangalia picha za magari yaliyoshushwa mpaka yakakaribia kugusa lami. Kicheko kikakatika. Nikaenda kuuliza, na haya ndiyo niliyoambiwa.

Kulikuwa na fundi mmoja, Odang, mwenye gereji ya mabati na maneno matamu kuliko sukari ya miwa. Gari lake la zambarau lilikuwa chini kiasi kwamba paka wa mtaa walishakata tamaa ya kujikinga mvua uvunguni mwake. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lake. Siku moja akamwona Endi, kijana anayebeba abiria wanaoita gari kwa simu, ameegesha gari lake refu la viti saba, analikodolea macho lile la zambarau. Odang akanusa riziki.

"Kaka, hilo lako ni gari au ngazi?"

"Ni gari, Kaka Odang. Mama aliuza bangili zake ndiyo tukalipata."

"Basi unamwaibisha mama! Abiria anakwea kama anaangua nazi."

"Lakini nalitumia kila siku. Watu saba, mizigo, mashimo…"

"Si ndiyo maana? Gari la kila siku linataka heshima kila siku! Sikiliza. Kuna shokapu za kurekebisha, unapandisha na kushusha utakavyo, ila utauza na nyumba. Kuna springi fupi za kiwandani, hizo utasubiri mpaka uoe. Na kuna njia ya Odang: natoa springi zako ndefu, natia zangu nilizozikata mwenyewe. Leo leo unatoka hapa mfalme."

"Na halitarukaruka?"

"Litacheza kidogo. Abiria wanapenda burudani."

"Na springi zangu?"

"Hizo takataka? Nitakutupia bure. Sikudai hata senti."

Mfalme akatoka. Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kwenye kazi ya pamoja ya mtaa, Odang akatokea na mifuko sita ya saruji. "Ya matuta," akasema, mkono kifuani. "Kwa usalama wa watoto." Bwana Jajang, mwenyekiti wa mtaa, nusura alie. Kwetu huku hakuna anayeiomba serikali ruhusa ya kuweka tuta; ukiwa na saruji, kahawa na majirani, tayari. Odang akaandika hata karatasi kwa mkono wake: tuta liwekwe popote mtaani, na lisivunjwe bila sahihi ya kila nyumba. Nyumba zote arobaini zikatia sahihi, vidole vikiwa na mafuta ya tofu ya kukaanga. Kila Jumapili saruji ikaongezwa.

Matuta yakafika kumi na moja, na hakuna hata moja kati ya gereji ya Odang na barabara kuu. Kwa kila tuta abiria wa Endi walishuka, wakatembea, wakapanda tena. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, safari hii nimetembea kuliko gari lako. Nikudai mimi nauli?" Watu wakaacha kumwita. Wiki mbili simu kimya, na nyumbani yakaanza maneno ya kuliuza gari.

Endi akarudi kwa Odang.

"Pole, kaka! Barabara za siku hizi! Bahati yako, nimepokea springi ndefu za njano, kutoka Japani. Bei ni mara mbili, lakini chukua moja ukamwonyeshe mama."

Mama Icah, mamake Endi, ni mtu wa wasiwasi. Siku gari liliponunuliwa alilizunguka na chupa ya rangi nyekundu ya kucha, akatia doa kila kifaa, kuanzia waipa hadi springi, mafundi wasije wakamwibia. Mtaa mzima ulimcheka. Sasa Endi alipomletea ile springi, akaikwangua rangi ya njano kwa ukucha. Doa jekundu likachungulia.

"Ala! Kumbe Wajapani nao wanatumia chupa yangu!"

Hakupiga kelele. Alipita nyumba hadi nyumba na birika la kahawa, akakuta wafalme wengine wanane walioshushiwa magari na Odang. Jumapili ikafika. Kesho yake Odang alikuwa anahamia mji wa Bekasi na gari lake la zambarau, maana huko magari marefu bado yalijaa. Alipotoka na mswaki mdomoni, akakuta akina mama wanasawazisha tuta lenye urefu wa goti, mbele kabisa ya mlango wa gereji. Saruji ni yake mwenyewe.

"Mama! Gari langu litatokaje?"

"Kwa usalama wa watoto, mwanangu."

"Livunjeni!"

Bwana Jajang akakunjua karatasi. "Sahihi za nyumba zote, Odang. Mwandiko ni wako."

Akajaribu kuliinua gari lake. Wapi! Alikuwa amelikata na kulichomelea lilale moja kwa moja. Halikupanda hata kwa jeki mbili na dua. Ikabidi azunguke kutafuta sahihi, na kila nyumba yenye mfalme ilikuwa na kalamu moja na sharti moja: rudisha springi zangu, bure, na ulichonitoza. Alilala chini ya magari siku tisa. La Endi ndilo lilikuwa la kwanza. Yule bibi alipanda tena, akapita matuta yote kumi na moja amekaa kitako.

Nyumba thelathini na tisa zimeshatia sahihi. Kila asubuhi Odang yuko getini kwa Mama Icah.

"Mama, sahihi tu."

"Natafuta miwani, mwanangu. Njoo kesho."

Miwani iko kichwani pake. Gari la zambarau bado limo ndani, na kuku ametaga juu ya boneti.

Wenye watoto wenye magari, waambieni waepuke haya:

Springi za kukatwa.

Springi mpya juu ya shokapu zilizochoka.

Kushusha gari la kazi kabla ya kupima tuta refu kuliko yote njiani.

Fundi anayekutupia vifaa vyako vya zamani bila kukuonyesha jalala.

Kutia sahihi huku mkono wa pili umeshika tofu.

Saruji ya bure.